MGENI ASIYEPANDA BEMBEA SI MLINZI WA MIKOBA

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo walivyonena wahenga. Lakini likizo ya Desemba inapobisha hodi, na magari kutoka Nairobi, Mombasa na Kisumu yanapoanza kupanda milima ya Kericho na Bomet yakiwa yamejaa shangazi, shemeji na wajukuu, kuna swali moja ambalo wengi wetu hatujiulizi. Mwenyeji akishapona, mgeni naye atapona vipi?

Mama mmoja wa sehemu za Litein ameniandikia akieleza shida ambayo naamini ni ya nyumba nyingi. Mwaka jana yeye na mumewe waliwatoa wageni wao kwenda kujiburudisha katika uwanja mmoja wa bembea na michezo, safari ya saa kadhaa kutoka kwao. Walikuwako watoto sita, dada yake kutoka Mombasa aliyekuwa mja mzito, na mama mkwe, ajuza wa miaka sabini na ushei kutoka upande wa Chepalungu. Vijana walipandishwa gurudumu kubwa, wakazungushwa, wakapinduliwa miguu juu vichwa chini, wakapiga mayowe ya furaha hadi sauti zikawakauka. Mama mkwe aliketi kwenye ukingo wa saruji muda wa saa nne, mikoba saba mapajani na jua utosini. Dada mja mzito alisimama kando yake akishika viatu vya watoto.

Jioni mama mkwe alishukuru kwa adabu zote. Mwaka huu alipoalikwa tena, alijibu kwamba afadhali abaki nyumbani aangalie kuku. Mume anasema mamake hapendi kutembea. Mke anashuku kwamba kuna jambo lingine, naye auliza afanyeje ili mzee huyu asiikimbie familia yake.

Dada yangu, nakubaliana nawe. Mama hakukataa kutembea. Alikataa kuwa mlinzi wa mikoba. Mtu mzima hatasema waziwazi kwamba alichoka na kuona kama amesahauliwa, kwa kuwa kufanya hivyo ni kumwaibisha mwanawe. Atasingizia kuku. Ukimruhusu asingizie kuku mwaka huu, mwaka ujao atasingizia mguu, na baada ya hapo wajukuu watamjua kwa picha tu. Kwa hivyo jambo hili si dogo.

HATA MWANZILISHI ALIKAA BENCHI

Labda itakufariji kujua kwamba bustani ya burudani iliyo mashuhuri kuliko zote duniani ilitokana na mzazi aliyechoka kukaa tu. Walt Disney, Mmarekani aliyetengeneza filamu za vikaragosi, alikuwa na mazoea ya kuwapeleka binti zake wawili katika bustani ya Griffith mjini Los Angeles wakapande farasi wa mbao wanaozunguka. Watoto walizunguka, naye baba akakaa kwenye benchi akitafuna njugu. Alieleza baadaye kuwa hapo ndipo alipojiuliza kwa nini pasiwe na mahali ambapo wazazi na watoto wangefurahi pamoja.

Jibu lake lilifunguliwa Julai 17, 1955, nalo likaitwa Disneyland. Siku hiyo kulikuwa na garimoshi la kuzunguka bustani polepole, merikebu ya mtoni, barabara ya maduka ya kale na mahali pengi pa kutazama. Reli yake ya kwanza ya kuteremka kwa kasi, ile ya mlima wa Matterhorn, ilikuja mwaka 1959, miaka minne baadaye. Kule Uholanzi nako, bustani ya Efteling ilipata umaarufu wake tangu 1952 kwa msitu wa hadithi za watoto, ambamo watu hutembea kwa miguu wakitazama.

Maana yake ni nini? Ni kwamba mashine ya kutisha ni kachumbari, si ugali. Siku ya matembezi hupangwa kwanza kwa yale ambayo kila mmoja anaweza kuyafurahia, kisha wanaotaka kutetemeshwa wakatengewa saa yao. Sisi hufanya kinyume. Twaanza na bembea, halafu twamtafutia mzee mahali pa kuketi.

NI NANI ASIPANDE?

Kabla hatujaenda mbali, na tuwatendee haki wale wasiopanda. Mara nyingi vijana huwacheka kuwa waoga. Lakini mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye shinikizo la damu, mwenye kifafa, aliyefanyiwa upasuaji hivi majuzi, mwenye maumivu ya mgongo au shingo, na mja mzito, hao wote hawafai kabisa kupanda mashine zinazokwenda kasi na kusimama ghafla. Viwanja vinavyojali wateja huweka kibao chenye maonyo hayo langoni mwa kila mashine. Usipokiona, uliza. Na mtoto ambaye hajafikia kimo kilichowekwa asipandishwe kwa kuwa tu analia. Ukanda uliotengenezewa mtu mkubwa haumshiki mdogo.

Kuna na wale ambao hawana ugonjwa wowote, ila wakizungushwa hutapika. Si unyonge. Ndani ya sikio mna vijifereji vyenye majimaji ambavyo huuambia ubongo mwili unaelekea wapi. Jicho likisema jambo moja na sikio jingine, ubongo huchanganyikiwa na tumbo ndilo hulipa. Mtu huyohuyo ndiye husumbuka garini katika barabara za kupindapinda za Sotik na Londiani. Mpe kiti cha mbele, mwambie atazame mbali barabarani, asisome simu, na asipande gari akiwa na njaa wala akiwa ameshiba kupita kiasi.

Halafu yuko asiyetaka tu. Huyo naye ana haki yake. Kumsukumasukuma mtu mzima mbele ya watoto mpaka akubali kupanda kitu anachokiogopa si mzaha, ni utovu wa adabu.

MUULIZE KABLA YA KUMPANGIA

Kosa la kwanza la wenyeji wengi ni kupanga siku nzima chumbani, baba na mama peke yao, kisha kuwatangazia wageni asubuhi. Kaa na mzee jioni moja au mbili kabla ya safari. Usimuulize kama angependa kwenda matembezi, kwani atakujibu kuwa lolote mtakalo ni sawa. Muulize maswali yenye miguu. Je, magoti yanaruhusu kupanda ngazi? Aweza kutembea kwa muda gani kabla ya kutaka kuketi? Dawa zake anazimeza saa ngapi, na anazimeza na chakula? Kuna mtu, kanisa, soko au mahali angependa kupaona akiwa upande huu?

Swali la dawa lina uzito. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu humfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara. Mzee anayejua hakuna choo njiani ataacha kumeza dawa siku hiyo, au ataacha kunywa maji, na hayo yote mawili ni hatari. Kwa hivyo kabla hujapanga mahali pa kula, panga mahali pa choo. Pita mwenyewe siku moja kabla ukahakikishe kuwa kiko wazi, ni safi, na si kile cha kuchuchumaa ikiwa magoti ya mzee hayakunjiki.

Wageni wa pwani nao wasisahauliwe. Mji wa Kericho uko kwenye kimo cha mita 2,000 na zaidi juu ya bahari. Aliyelala jana Mombasa atahema akipanda kilima kidogo tu. Mwache apumzike siku ya kwanza, na siku ya matembezi mwende mwendo wa kinyonga. Tena mwonye juu ya baridi. Atakuja na kanga nyepesi akidhani Kenya yote ni moja, na ikifika saa kumi meno yatakuwa yakigongana.

BURUDANI ILIYO MLANGONI

Sasa tuje kwenye lenyewe. Watu wa Kericho na Bomet wana desturi ya kudharau kilicho chao. Mgeni akija, mwenyeji hufikiria kumpeleka Nakuru au Nairobi, umbali wa kilomita zipatazo 260, ili akaone gurudumu kubwa kama lile lililokuja na maduka ya Two Rivers yaliyofunguliwa mwaka 2017. Ilhali watalii hutoka ng'ambo kuja kutazama kile ambacho wewe wakiona kila asubuhi ukipiga mswaki.

Anza na shamba lako la chai, hata kama ni nusu ekari. Mfunge mgeni kikapu mgongoni, mwoneshe majani mawili na chipukizi, kisha mwache ahangaike. Baada ya nusu saa atakuwa na konzi chache na heshima kubwa kwa wachumaji. Mweleze kwamba mchai ukiachwa bila kupogolewa huwa mti mrefu kumpita mtu mara kadhaa, na kwamba ule usawa wa zulia anaoushangaa ni kazi ya mikono na visu. Ikiwa mzee wenu alipata kuchuma chai ujanani, mpe kiti katikati ya mistari awe mwalimu. Hapo mikoba itabebwa na wajukuu.

Yanayofuata ni kituo cha kununulia majani, ambapo kikapu cha mgeni kitapimwa mbele ya watu, vicheko vikijaa. Mtoto wa Nairobi akiona kilo mbili zake kwenye mizani, mwambie huhitajiwa kilo nne hadi tano za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu, kwa kuwa sehemu kubwa ya jani ni maji. Hiyo ni hesabu ambayo hataisahau.

Kiwanda ndicho kilele cha siku. Viwanda vya wakulima wadogo tunavyo tele: Kapkatet, Litein, Momul, Tegat na Toror upande wa Kericho, Mogogosiek, Kapset, Kobel, Tirgaga na Kapkoros upande wa Bomet. Si kila kiwanda hupokea wageni kila siku, kwa hivyo mwandikie au umpigie meneja simu juma moja kabla, useme mko wangapi, na kwamba mnaye mzee na mja mzito. Makampuni makubwa yenye mashamba ya tangu miaka ya 1920 nayo yana taratibu zao, na kwa kuwa umiliki wake umebadilika miaka ya karibuni, usitegemee ruhusa uliyopewa zamani. Uliza upya. Na usiingize gari katika barabara za shamba la mtu kwa kuwa tu lango liko wazi.

Ndani ya kiwanda mgeni ataona majani yakinyaushwa kwenye mabwawa marefu yanayopulizwa hewa kwa saa nyingi hadi yalegee. Kisha hupita katika mashine za kukata, kurarua na kuviringisha. Yakitoka hapo huwa bado ya kijani, lakini yakikaa kwenye hewa kwa muda wa saa moja au zaidi kidogo hugeuka rangi ya shaba mbele ya macho yako, na harufu hubadilika. Halafu hukaushwa kwa hewa ya moto, huchekechwa na kupangwa kwa daraja, tayari kwa mnada wa Mombasa. Dada yako wa Mombasa atakuwa ameona mwanzo wa safari ambayo mwisho wake uko kwao.

Tahadhari ni hizi. Kiwandani mna kelele, ngazi za chuma na vumbi la chai. Mwenye pumu aulize kwanza, au abaki ofisini akionja chai huku wengine wakizunguka. Mavazi yanayoning'inia, bangili na mikufu viachwe nyumbani, kwani mashine hazichagui. Manukato pia. Chai hunyonya harufu upesi, na hakuna meneja atakayefurahi kuiona chai yake ikinukia uturi. Mja mzito asikae karibu na vikaushio kwa muda mrefu, kwa sababu ya joto.

Kama katika msafara mna mpenda elimu, mtajie chai ya zambarau. Aina hiyo, inayoitwa TRFK 306, ilizinduliwa mwaka 2011 na watafiti wa chai waliokuwa wakifanya kazi papa hapa Kericho. Jani lake ni la zambarau kweli, si jina tu. Mkipata jirani anayeikuza, watoto watataka kulibeba hilo jani hadi shuleni.

KIVULI NA UTULIVU

Baada ya kelele, mzee anataka kivuli. Nje kidogo ya mji wa Kericho, upande wa barabara ya Nakuru, iko bustani ya miti ya Chagaik kando ya bwawa, iliyopandwa na mkulima wa chai aitwaye Tom Grumbley baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Hapo pana nyasi, miti mikubwa kutoka sehemu nyingi za dunia na maji yaliyotulia. Kwa kuwa imezungukwa na mashamba ya chai ya kampuni, uliza kuhusu ruhusa kabla ya kwenda. Beba mkeka wa watoto na viti viwili vya kukunja vya wakubwa. Mzee hakai chini. Hata akikaa, nani atamwinua?

Mahali pengine pa kumshangaza mgeni ni Gurudwara kubwa ya Masingasinga mjini Kericho, iliyojengwa kumkumbuka Baba Puran Singh, fundi na mtu wa dini aliyeishi mjini humo kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Uingereza, ambako alifariki mwaka 1983. Mgeni wa dini yoyote hukaribishwa. Vua viatu, funika kichwa, usiingie na tumbaku wala pombe. Chakula hutolewa bure kwa kila aingiaye, kama ilivyo desturi ya Masingasinga duniani kote. Watu huketi sakafuni, kwa hivyo mwombee mzee kiti mapema. Nina hakika hawatakunyima.

Vijana wakidai kupanda na kushuka, wapelekeni Fort Ternan siku yao. Huko ndiko Louis Leakey alikochimbua, mwanzoni mwa miaka ya 1960, mabaki ya kiumbe aliyempa jina la Kenyapithecus wickeri, aliyeishi yapata miaka milioni 14 iliyopita. Mahali penyewe si pa magoti mabovu, lakini vijana watapata jasho na elimu kwa pamoja.

ARDHI INA KUMBUKUMBU

Hapa nataka kusema jambo ambalo waandishi wa matembezi hulikwepa. Kwa mgeni wa mbali, mashamba ya chai ni urembo. Kwa mzee wa Kikipsigis huenda ni kitu kingine. Ardhi ambayo leo ni zulia la kijani ilikuwa na maboma ya watu kabla ya serikali ya kikoloni kuwaondoa na kuwapa walowezi na makampuni. Mwaka 1934 ilitungwa sheria mahususi ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, nao wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, sehemu iliyojulikana kwa mbung'o na maradhi. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walieleza wasiwasi wao kwamba madai ya Wakipsigis na Watalai hayajatatuliwa. Si hadithi ya kale, basi.

Kwa hivyo mzee akinyamaza ghafla gari likipita katikati ya chai, usidhani amechoka. Huenda anatafuta kwa macho kilima ambacho mamake alimtajia. Msimamishie gari. Muulize palikuwa pakiitwaje. Wajukuu wazime simu wasikilize. Nusu saa kama hiyo hakuna bembea itakayoishinda, na mzee akishaondoka duniani hakuna tiketi ya kuinunua. Lakini pia asipotaka kusema, usimlazimishe. Na kama anasema hataki kuingia kiwanda fulani, mheshimu na upange kingine.

RATIBA YA SIKU MOJA

Wengi huniomba ratiba. Naiweka hapa, kila mtu aikate kulingana na kimo chake.

Saa mbili asubuhi: chai na mayai nyumbani, dawa zimezwe. Saa mbili na nusu: shambani, kuchuma kwa nusu saa, si zaidi, kwani umande ukilowesha miguu ya mzee siku imeharibika. Gambuti ni za lazima. Saa nne: kiwandani, kwa muda wa saa moja. Saa tano na nusu: bustanini au kando ya bwawa, chakula kikiwa kimebebwa kutoka nyumbani. Saa saba na nusu: wote garini.

Kwa nini mapema hivyo? Kwa sababu ya mvua. Kericho haihitaji mtabiri. Aghalabu asubuhi huwa jua, mchana mawingu, na alasiri maji. Tena sehemu hizi za Kericho na Nandi huhesabiwa miongoni mwa zile zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Mwavuli hauzuii mawe, na barabara ya udongo ikilowa gari dogo halitoki. Mwenye busara huwa ameshafika chini ya bati saa nane.

VIJANA WASINYIMWE, FEDHA ZISIPOTEE

Je, watoto waliozoea bembea watanung'unika? Watanung'unika, na wana haki. Maonyesho ya kilimo ya Kisumu, Nakuru na Kisii huwa na bembea pamoja na mifugo, mimea na vikundi vya ngoma, nayo ni mahali pazuri pa kuchanganya rika mbili. Hapo tumieni mpango huu. Kwanza nyote pamoja, saa mbili nzima, mtazame ng'ombe wa maziwa na mashine mpya, maana mzee ana maoni kuhusu ng'ombe kuliko mtaalamu yeyote. Kisha vijana waende kwenye bembea na mtu mzima mmoja kwa saa moja iliyotajwa, na wengine waende kuketi kwenye hema la chai. Mahali pa kukutania pawe pamoja tu, napo pawe na kivuli na viti. Anayepanda bembea ndiye anayemfuata aliyeketi, si kinyume chake.

Uliza bei ya langoni mapema. Kuna viwanja ambavyo mtu hulipa kiingilio kidogo kisha hununua tiketi kwa kila mashine. Hivyo vyawafaa wasiopanda. Vingine hutoza ada moja ya siku nzima kwa kila kichwa, apande asipande. Humo mzee atalipiwa pesa nyingi ili akae kwenye benchi. Fedha hiyo afadhali imnunulie blanketi.

Na mikoba? Kila mtu abebe wake. Kitu kisichoweza kubebwa na mwenyewe kibaki nyumbani. Viatu vya watoto vifungwe mfuko mmoja, na mfuko huo ubebwe kwa zamu na wanaume wazima. Naona kina baba wananuna, lakini mlitaka safari.

Neno la kukaa garini. Katika jamii zetu nyingi mkwe na mama mkwe hawabanwi kiti kimoja mapaja kwa mapaja. Panga viti kwa adabu kabla watu hawajatoka nyumbani, ili asipatikane mtu wa kuona haya njia nzima.

Basi dada yangu wa Litein, jibu langu ni fupi. Usimpelekee mama mkwe mwaliko mwingine wa kwenda kutazama wengine wakifurahi. Nenda Chepalungu wewe na mumeo, mketi, mnywe maziwa mliyopewa, kisha mumeo aseme mwenyewe kwamba mwaka jana mama alikaa juani na kwamba safari hii atakayepanga njia ni yeye. Muulize angependa kuona nini. Kuku wataangaliwa na jirani.

Wasomaji wengine mlio na wageni wa aina hii, niandikieni mnieleze mliwapeleka wapi na walisema nini baada ya kurudi. Hadi Jumapili ijayo, safari njema, na msisahau makabuti.